Spana ya Bi Kageha

Julai, Umoja, ghorofa ya nne.
Baridi imeingia jikoni bila hodi
na bia yangu ni chapwa
kama soda iliyoachwa wazi tangu Krismasi.

Pipa nililinunua Ngara
kwa mtu aliyekuwa anahama na haraka zake:
la plastiki, rangi ya chai ya maziwa,
kifuniko cha kuzungusha, vali ya shaba utosini,
bomba chini, tumboni.
"Halina neno," aliniambia.
Mtu anayehama husema hivyo juu ya kila kitu.

Nilifuata hatua zote.
Shayiri, hamira, siku kumi ndani ya ndoo,
kisha pipani, na sukari niliyoipima mara mbili
ili hamira iliyobaki ile, ipumue,
na pumzi yake ikikosa mlango
irudi ndani ya bia, ilale humo, ingoje glasi.
Nililivika hata koti langu la zamani, vifungo vyote.

Nyanya yangu, kule Kitui,
alichachusha asali kwenye kibuyu na hakukiziba kamwe.
Kinywaji ukikiziba mdomo, alisema, kitanuna.
Nisamehe, nyanya. Hiki ni cha kununa.
Kinune wiki tatu, kivimbe,
siku ya kufunguliwa kiseme yote kwa mpigo.

Changu hakikununa.
Glasi ya kwanza, povu la kidole.
Ya pili, povu la ukucha.
Ya tatu, shemeji Musembi aliiinua kwenye mwanga,
akaitazama kama daktari,
akauliza kama nina ndimu.

Usiku nikalisikia: sss.
Kisha kimya. Sss,
kama wasengenyaji wanaonyamaza ukipita.

Nilishuka kwa Bi Kageha kuazima spana.
Miaka kumi na tisa aliuza mitungi ya gesi Huruma;
sasa ni mzee wa kanisa, na kitambaa chake cheupe.
"Spana yangu haitembei peke yake," akasema,
akavaa kandambili, akanitangulia ngazini.
"Kinavuja nini?"
"Pipa."
"La nini?"
Nikakohoa.

Aliona. Akanusa. Akalitaja jina la Yesu mara moja, polepole,
kisha akaagiza bakuli, kipande cha sabuni
na mswaki kuukuu.
"Mimi sinywi," akasema,
"lakini sipendi kitu kinachovuja."
Akapaka povu shingoni mwa kifuniko
taratibu, kama anayemnyoa mtoto.
Povu likakaa.
Likakaa.
Likatoa jicho moja, upande wa dirisha,
likapepesa.
"Huyo hapo."

Ni mpira. Ulikuwa umekauka,
una ufa mwembamba kama unywele.
Kesho yake nikapata mwingine Kirinyaga Road, shilingi sitini,
nikaupaka mafuta ya mgando alivyoniagiza.
"Kaza kwa mkono. Spana ni ya watu wasiosikiliza."
"Sasa umeileta ya nini?"
Hakunijibu.

Alipofika mlangoni aligeuka:
"Na ukiteka, urudishe."
Maana kila glasi inayotoka huacha nafasi,
na nafasi haivumilii kukaa tupu.
Usipolipulizia pipa kitungi kidogo cha gesi pale juu
litavuta hewa ya nje kupitia bomba, glu, glu,
kama mlevi anayekunywa kinyumenyume,
na wiki zako zote zitakuwa siki.

Agosti, Jumamosi, nilifungua bomba kidogo tu.
Ikatoka nyeupe kwanza, nyeupe tupu,
halafu ikatulia, rangi ya asali,
na povu la vidole vitatu lisilotaka kuondoka.

Nikashuka nayo, kumwonyesha tu.
Alikuwa anakata sukuma wiki.
Hakuigusa glasi. Alifuta mikono, akainama,
akatega sikio karibu na povu,
kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.
"Inaongea," akasema,
akarudi kwenye kisu chake.

Spana bado iko kwangu.
Hajaidai.